Jina la tovuti ni la nani?

Anayetaka kumjua mwenye tovuti mara nyingi ana sababu ya haraka. Ametuma pesa kwenye duka la mtandaoni na mzigo haujafika. Ameona picha zake zinatumika mahali asipopajua. Anataka kununua jina ambalo mtu amelishikilia miaka mingi bila kuliwekea hata ukurasa mmoja. Au ni mwenye biashara aliyekorofishana na kijana aliyemtengenezea tovuti, na sasa tovuti haifunguki. Zamani wote hawa wangeelekezwa kwenye Whois, huduma ya kutafuta jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, na ndani ya sekunde chache wangepata jina, mtaa, simu na barua pepe. Leo wakitafuta wanakuta mistari iliyofichwa mmoja baada ya mwingine, au anwani ya kampuni iliyoko Iceland ambayo haijui lolote kuhusu mzigo wao.

Njia za kumjua bado zipo, ila zinamtaka anayetafuta ajue kwanza anamtafuta nani. Nyuma ya tovuti moja wanaweza kuwepo watu wanne wasiofahamiana: anayeandika au kuuza humo, aliyeitengeneza, kampuni inayokodisha seva yenye mafaili, na yule ambaye jina lenyewe la kikoa, ile anwani unayoiandika kwenye kivinjari, limesajiliwa kwake. Jina likigombaniwa, wa kwanza kuulizwa ni huyu wa mwisho. Ni kama laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole za shemeji yako: vocha unaweka wewe, watu wanaijua namba kuwa ni yako, lakini laini ikipotea, anayeweza kwenda kuirudisha ni shemeji. Na hata yeye hajalinunua jina liwe lake milele. Majina ya .com husajiliwa kwa mwaka mmoja hadi kumi kwa wakati mmoja, na mtu anaendelea kuwa nalo mradi analilipia.

Soma jina kutoka kulia

Kabla ya kutafuta chochote, soma jina kutoka kulia kwenda kushoto. Kipande cha mwisho ndicho kinachoonyesha rejista, yaani daftari la majina yaliyosajiliwa, iko wapi. Majina yanayoishia .com yako kwenye rejista ya kampuni ya Marekani iitwayo Verisign. Ya .org yanatunzwa na Public Interest Registry, ya .ke na KeNIC, ya .rw na RICTA. Ya .tz yaliwekwa chini ya tzNIC, chombo kilichoanzishwa 2006 kwa ushirikiano wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na chama cha watoa huduma za intaneti nchini Tanzania. Kipande kinachofuata kushoto ndicho ambacho mtu amesajili. Kwenye .co.tz au .or.ke ni kile cha tatu, kwa sababu vile viwili vya mwisho vyote ni vya rejista.

Kilicho kushoto zaidi ya hapo hakina usajili wake. Wikipedia ya Kiswahili iko sw.wikipedia.org, lakini hakuna rejista iliyoandika sw.wikipedia.org, kilichosajiliwa ni wikipedia.org, na mwenye nacho anaweza kukiwekea herufi zozote mbele bila kumuuliza mtu. Ndivyo ilivyo pia kwa blogu zinazoishia wordpress.com au blogspot.com. Rejista itakuonyesha kampuni yenye jukwaa tu. Mwandishi wa blogu, kama kuna anayemjua, anajulikana na jukwaa hilo, na malalamiko yapelekwe huko.

Zoea hili la kusoma kutoka kulia lingewaokoa watu wengi wanaotapeliwa. Anwani za .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali tu, na .ac.tz kwa vyuo, kwa hiyo mwisho wa jina peke yake ni ushahidi wa mwenye jina. Lakini jina lenye herufi go na tz katikati, zikitenganishwa kwa vistari, kisha likaishia .com au .online, ni jina ambalo yeyote mwenye dola chache anaweza kulisajili saa nane za usiku bila kuonyesha barua wala kitambulisho cha taasisi. Matangazo ya ajira na mikopo ya uongo hupenda sana hila hii.

Rejista inavyosomeka

Chukua wikipedia.org. Fungua lookup.icann.org, huduma ya bure ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, kisha andika jina hilo. Jibu linasema lilisajiliwa 13 Januari 2001, siku mbili kabla ya Wikipedia kuzinduliwa. Msajili, yaani kampuni iliyoliingiza jina kwenye rejista, ni MarkMonitor, inayohudumia mashirika makubwa. Mwenye jina ni Wikimedia Foundation, California, Marekani. Zinafuata seva za majina, ns0.wikimedia.org na wenzake, tarehe ya mwisho wa malipo, na mistari ya hali kama clientTransferProhibited, ambayo maana yake ni kwamba msajili amezuia jina lisihamishiwe kwa msajili mwingine. Mtaa, simu na barua pepe ya mtu hutaviona.

Hata hapo kuna mengi ya kushika. Tarehe ya kusajiliwa haifichwi. Duka linalojinadi kuwa limekuwepo tangu 2009, na jina lake lilisajiliwa wiki tatu zilizopita, lina la kujibu. Huenda ni biashara ya kweli iliyobadilisha jina, basi ieleze; mpaka itakapoeleza, mimi nisingeitumia hata senti. Seva za majina nazo zinaonyesha wageni wa tovuti wanapitishwa wapi. Na mstari ninaouona kuwa muhimu kuliko yote ni ule ambao wengi huuruka: jina la msajili pamoja na anwani na simu yake ya kupokelea taarifa za matumizi mabaya. Huo pia haufichwi. Hata usipomjua mwenye jina, umemjua anayemjua.

Msajili ndiye hasa wa kumwendea kwa majina ya .com, kwa sababu Verisign hawana jina wala anwani ya aliyesajili. Wana jina la msajili, tarehe, hali na seva. Taarifa za mtu zinakaa kwa msajili. Ndiyo maana utafutaji wa .com huwa wa hatua mbili hata kama tovuti ya kutafutia inakuonyesha majibu kwenye ukurasa mmoja: kwanza inauliza rejista jina liko kwa msajili gani, kisha inamuuliza msajili huyo.

Kwa nini zilifichwa

Whois ni ya 1982. Iliandikwa wakati mtandao ulikuwa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, na orodha ya watumiaji ilitunzwa na kituo cha SRI huko Menlo Park, California, kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Waliokuwa kwenye orodha walikuwa watafiti na wanajeshi waliohitaji kupigiana simu mashine ikikwama. Hapakuwa na sababu ya kumficha mtu. ICANN ilipoundwa 1998 ilirithi desturi ile ile na kuiweka kwenye mikataba: anayesajili jina atoe jina lake, anwani, simu na barua pepe, na dunia nzima ivione. Kufikia hapo waliokuwa wakisajili majina walikuwa mamilioni ya watu wa kawaida, na orodha ile ikawa shamba la matapeli. Ulikuwa ukisajili jina leo, kesho unapigiwa simu na watengeneza tovuti usiowajua, na baada ya miezi michache unapokea ankara ya uongo ya kuhuisha jina.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilianza kutumika 25 Mei 2018. Siku nane kabla, tarehe 17 Mei, bodi ya ICANN ilipitisha kanuni ya muda iliyowaruhusu wasajili kuficha jina, mtaa, simu na barua pepe. Msajili hana njia rahisi ya kuwatenganisha wateja wa Ulaya na wengine, na kanuni haikumlazimisha kuwatenganisha, basi wengi waliwaficha wote. Hivyo mfanyabiashara wa Mwanza mwenye .com analindwa na uamuzi uliosukumwa na sheria ya Ulaya, hata kabla Tanzania haijaanza kutumia Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwezi Mei 2023. Sera ya kudumu ya ICANN ilianza kutumika 21 Agosti 2025.

Nakubaliana na kumficha mtu binafsi. Mwandishi wa habari au mwanamke anayekimbia mume mkorofi hapaswi kuweka mtaa anaolala hadharani ili tu awe na tovuti. Lakini kampuni inayouzia umma haina hoja kama hiyo. Sehemu ya jina la taasisi inaweza kuonyeshwa mwenyewe akiridhia, kama Wikimedia walivyofanya, na duka linaloficha hata jina la kampuni linamnyima mnunuzi kitu anachostahili.

Kuna ufichaji wa aina mbili, na watu huuchanganya. Wa kwanza ni huu wa kanuni: msajili ana jina la kweli, ila halionyeshwi. Wa pili ni wa wakala, ambapo kampuni kama Domains By Proxy ya Arizona inaandikwa yenyewe mahali pa mwenye jina, na mteja anabaki nyuma yake. Kwa mikataba ya ICANN, kampuni hiyo ndiyo iliyosajiliwa. Anwani ya Reykjavik inayojirudia kwenye maelfu ya tovuti ni ya huduma ya namna hii, Withheld for Privacy. Wateja wake hawahitaji kuwa wamewahi kukanyaga Iceland.

Whois yenyewe inastaafishwa. Mrithi wake ni RDAP, iliyosanifishwa 2015, ambayo hutoa majibu kwa mpangilio unaosomeka na programu na kupitia muunganisho uliofungwa kwa siri. Tangu 28 Januari 2025 wasajili wa majina ya jumla kama .com hawalazimiki tena kuendesha Whois. Kwa hiyo zile tovuti nyingi za kutafutia Whois zipime kwa makini, maana nyingine zinaonyesha kumbukumbu za zamani kana kwamba ni za leo. Vikoa vya nchi viko nje ya mikataba hiyo. Kwa .tz au .ke tafuta kwenye rejista yenyewe, na utakachoonyeshwa kitategemea kanuni na sheria za nchi.

Rejista ikinyamaza

Anza na njia ya wazi. Msajili anatakiwa kuweka fomu au barua pepe ya kificho itakayomfikishia mwenye jina ujumbe wako. Barua pepe ya mwenye jina kwa kawaida ni hai, kwa sababu kanuni zinamtaka msajili kuihakiki, au kuihakiki simu, ndani ya siku 15 tangu jina kusajiliwa. Kama nia ni kununua jina, andika mistari miwili tu: jina unalotaka, na kwamba uko tayari kulipa. Usiseme una mtaji kiasi gani.

Kisha tafuta alama ambazo mtu huziacha bila kujua. Wayback Machine ya Internet Archive huhifadhi kurasa za zamani, na ukurasa wa mawasiliano wa miaka sita iliyopita unaweza kuwa na jina na simu vilivyokuja kuondolewa. Ukurasa wa vigezo na masharti, ambao hakuna anayeusoma, mara nyingi hutaja kampuni halisi, na jina la kampuni linaweza kutafutwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania au kwenye usajili wa biashara kupitia eCitizen kwa Kenya. Cheti cha usalama cha tovuti nacho kitazame, lakini usikitegemee mno. Kialama kidogo cha kufuli kwenye kivinjari kinathibitisha tu kwamba mawasiliano yamefungwa na kwamba mwombaji wa cheti anadhibiti jina. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt havina jina la mtu wala kampuni ndani yake. Vipo vya kulipia ambavyo mtoaji huikagua kampuni kwanza, na hivyo huwa na jina lake.

Kwa duka linalopokea pesa kwa simu, pesa yenyewe inasema zaidi ya rejista. Ukiingiza lipa namba, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, ukiwa na wasiwasi ghairi. Jina hilo huenda si la aliyesajili kikoa, ila kwa aliyetapeliwa huyo ndiye mtu polisi watakayeweza kumfuata.

Anwani ya IP, namba ya seva kwenye mtandao, husaidia kidogo. Ukiitafuta kwenye hifadhidata ya AFRINIC, mgawaji wa namba hizo kwa Afrika, iliyoko Mauritius, au ya wenzake wa mabara mengine, utampata aliyepewa kundi la namba hizo, ambaye kwa kawaida ni mwenye seva. Na tovuti ikipitishwa Cloudflare, kampuni inayosimama kati ya wageni na seva, utaiona Cloudflare, hata mwenye seva humfikii.

Baada ya hapo ni maombi rasmi. Mtu mwenye sababu halali, kama mwenye alama ya biashara au wakili wa aliyekashifiwa, anaweza kumwandikia msajili aombe taarifa zilizofichwa, akieleza ni nani, anataka nini, kwa haki gani. Tangu Novemba 2023 ICANN ina huduma ya kupitishia maombi hayo, RDRS, iliyoanza kama majaribio na wasajili wakijiunga kwa hiari. Msajili hupima ombi na anaweza kukataa. Amri ya mahakama yenye mamlaka juu yake ni jambo jingine.

Mara nyingi, hata hivyo, jina la mtu halihitajiki. Kama tovuti inaiba nywila za benki au kusambaza programu hasidi, mpelekee msajili ushahidi kupitia ule mstari wa matumizi mabaya: anwani kamili ya ukurasa, picha ya skrini, tarehe na saa, na ujumbe ulioupokea. Tangu 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN inamlazimu achukue hatua akiwa na ushahidi unaotosha. Na mwenye alama ya biashara ambaye jina lake limesajiliwa na mwingine kwa nia mbaya anaweza kufungua shauri chini ya UDRP, utaratibu wa ICANN wa kuamua migogoro ya majina, uliopo tangu 1999. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu huko Geneva, hutoza dola 1,500 kwa shauri la majina yasiyozidi matano mbele ya mwamuzi mmoja. Unaweza kufungua bila kumjua mpinzani wako. Shauri likifunguliwa, msajili analifunga jina lisihamishwe na kutaja aliyelisajili. Lakini lazima uthibitishe mambo matatu kwa pamoja: jina linafanana na alama yako, aliyelisajili hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Aliyekutangulia tu kwa uaminifu hutamnyang'anya.

Rejista ikidanganywa

Kesi iliyoonyesha uzito wa rejista ni ya sex.com. Gary Kremen, mwanzilishi wa Match.com, alilisajili jina hilo 1994 kwa Network Solutions, wakati usajili ulikuwa bure. Mwaka 1995 mtu mmoja, Stephen Cohen, alipeleka barua ya kughushi iliyojifanya kutoka kwa kampuni ya Kremen, ikidai kwamba Kremen amefukuzwa na kwamba kampuni imeliacha jina limwendee Cohen. Barua hiyo ilieleza hata kwa nini inatumwa kwa karatasi: kampuni, yenye jina la Online Classifieds, haina muunganisho wa intaneti. Network Solutions hawakumpigia Kremen. Walibadilisha rejista, na Cohen akavuna mamilioni kwa miaka. Mahakama ilirudisha jina 2000, na mwaka uliofuata ikamwamuru Cohen alipe dola milioni 65. Alikuwa ameshakimbilia Mexico. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema jina la kikoa ni mali inayoweza kuporwa, na kwamba aliyeitunza rejista anaweza kuwajibishwa kwa kuigawa.

Wizi wa namna hiyo ni nadra kwetu kuliko upotevu wa kimya kimya unaoanza siku jina linaposajiliwa. Mwenye duka, shule au kanisa anamlipa fundi, fundi anasajili kwa akaunti yake na barua pepe yake, wala hana nia mbaya. Ndivyo alivyoona haraka. Miaka mitatu baadaye amehama mji au amebadili kazi, na barua za kukumbusha malipo zinaingia kwenye sanduku ambalo halifungui. Muda ukiisha, majina ya .com huwa na kipindi cha neema kinachotegemea msajili, kisha siku 30 za kukomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku tano za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo anayewahi ndiye anayelipata, na kuna programu zinazokesha zikiwahi.

Kwa hiyo tafuta jina lako mwenyewe leo. Tazama msajili ni nani na muda unaisha lini. Taarifa zikiwa zimefichwa, muulize fundi akuonyeshe akaunti ya msajili, yenyewe. Wengi hupewa nywila ya cPanel wakadhani wamekabidhiwa kila kitu, kumbe cPanel ni ya seva na haibadilishi chochote kwenye rejista. Omba mwenye jina abadilishwe awe wewe au kampuni yako, na jina lihamishiwe kwenye akaunti unayoingia mwenyewe. Jina likitoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine mtahitaji msimbo wa kuhamisha, na baada ya mabadiliko huenda likafungwa siku 60. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Na barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho, kwa sababu jina likipotea barua pepe inapotea nalo, na kiungo cha kurejesha nywila kitamfikia aliyelichukua.